Anas bin Malik: Mtoto wa kambo aliyelelewa bila kuvuliwa jina la babake

Anayehudhuria darsa za hadithi, iwe Lamu, Malindi au Mombasa, hawezi kukaa juma zima bila kulisikia jina la Anas bin Malik. Sheikh akifungua kitabu, haendi mbali kabla ya kumtaja. Twamjua kama mtumishi wa Mtume Muhammad (SAW), na twajua kwamba hadithi zilizopokewa kwake ni 2,286, idadi inayomweka karibu na Abu Huraira na Ibn Umar katika wapokezi wakubwa. Lakini ni wachache wetu wanaouliza: huyu mtoto alilelewa na nani?

Malik, ambaye jina lake tunalitaja kila tunapomtaja Anas, siye aliyemlea. Aliondoka mtoto angali mdogo na hakurudi. Aliyemlisha, aliyempandisha nyuma ya kipando chake na aliyemshika mkono kumpeleka kwa Mtume ni baba wa kambo, Abu Talha. Hata hivyo miaka zaidi ya 1,300 imepita tangu Anas afe, na hakuna anayemwita Anas bin Abi Talha.

Nimeona leo tuyatazame maisha yake kwa upande huo, kwa sababu suala la watoto wa kambo limekuwa zito majumbani mwetu. Kuna baba aliyekwenda Uarabuni kutafuta, simu ikakatika. Kuna aliyetoa talaka akahamia mji mwingine na kuoa huko, watoto akawasahau. Mama naye anapata mume mwema, anaolewa. Kisha siku inafika ya kuandikisha mtoto shule au kutafuta cheti cha kuzaliwa, na swali linazuka: tuandike jina la nani?

Hapo familia zetu hugawanyika. Wapo wanaofuta jina la baba aliyeondoka na kuandika la mume mpya, wakidhani wamemsitiri mtoto. Wapo waume wanaosema mtoto huyu si wangu, karo na matibabu akadaiwe babake, hata kama babake hajulikani aliko. Nyumba ya Abu Talha haikufanya hili wala lile.

Anas alizaliwa Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, kiasi cha miaka kumi kabla ya Hijra. Kabila lake lilikuwa Khazraj, ukoo wa Banu Najjar. Babake alikuwa Malik bin Nadhr, na mamake ni Ummu Sulaim bint Milhan. Uislamu ulipoanza kuingia Yathrib, Ummu Sulaim aliukubali mapema. Malik hakuukubali. Alikasirika zaidi alipomsikia mkewe akimfunza mwanawe mdogo kutamka shahada, akamlaumu kwamba anamharibu mtoto. Ummu Sulaim akajibu kwamba hamharibu, na akaendelea kumfunza.

Malik aliondoka kwa hasira. Mapokezi mengine yanasema alielekea Sham na akafia huko, na mengine yanasema alikutana na adui yake akauawa. Yote yanakubaliana kwamba hakurudi nyumbani. Ummu Sulaim akabaki na mtoto.

Hakukimbilia ndoa nyingine. Imepokewa kwamba alisema hataolewa mpaka Anas akue kiasi cha kukaa na kuzungumza barazani pamoja na watu. Wajane na walioachwa wa pwani watauelewa uamuzi huo. Mwanamke mwenye mtoto akiposwa, anawaza pia ni mtu gani atakayeingia katika nyumba anamokaa mwanawe.

Aliyekuja kuposa ni Abu Talha, jina lake hasa Zaid bin Sahl, naye ni wa Banu Najjar. Alikuwa mtu wa mali, mpiga mishale hodari, mwenye heshima mjini. Ila hakuwa Mwislamu. Ummu Sulaim alimweleza kwamba mtu kama yeye hakataliwi, lakini yeye ni Mwislamu na hawezi kuolewa na asiyekuwa Mwislamu. Akisilimu, huko kusilimu kwake ndiko kutakuwa mahari yake, na hatamdai kingine. Abu Talha akasilimu. Thabit al-Bunani, mwanafunzi wa Anas, alikuwa akisema hajapata kusikia mwanamke aliyepata mahari bora kuliko ya Ummu Sulaim.

Basi ndivyo Anas alivyopata baba wa kambo. Mambo mengi tunayoyajua kuhusu nyumba hiyo yametufikia kwa mdomo wa Anas mwenyewe, na mtoto wa kambo ni shahidi mgumu. Ubaguzi mdogo mezani ataukumbuka hata akiwa mzee. Tumsikilize basi alichokumbuka.

Mtume alipohamia Madina mwaka 622, hakuwa na mtumishi. Anas anasimulia kwamba Abu Talha alimshika mkono, akampeleka kwa Mtume na kumwambia kwamba huyu ni kijana mwerevu, amtumikie. Mapokezi mengine yanamtaja mamake kuwa ndiye aliyempeleka. Ni nyumba moja, na wote wawili walilitaka jambo hilo. Lakini lile la Abu Talha linagusa. Alikuwa na nafasi ya kumpa mtoto wa mkewe heshima kubwa kuliko zote mjini, akampa, na akamsifu mbele za watu kwa werevu wake. Wangapi kati yetu huwasifu watoto wa kambo mbele za watu?

Anas alikuwa na miaka kumi, naye alimtumikia Mtume kiasi cha miaka kumi, mpaka Mtume alipofariki mwaka wa 11 Hijria. Anasema katika muda wote huo hakuwahi kuguniwa wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au kwa nini hakufanya lile. Mtume alikuwa akimtania kwa kumwita mwenye masikio mawili. Na alikuwa akimwita kwa Kiarabu ya bunayya, yaani ewe mwanangu mdogo. Katika Sahih Muslim wanavyuoni wameweka mlango mahsusi juu ya hadithi hiyo, kuonyesha kwamba yafaa mtu kumwita mtoto asiye wake mwanangu, kwa upole na mapenzi. Kwa hiyo baba wa kambo anayemwita mtoto wa mkewe mwanangu hajakosea. Kinachokatazwa ni kumwandika au kumtangaza kwamba ni wa damu yake.

Katazo hilo lenyewe liliteremka Anas akiwa kijana mdogo Madina. Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru na Mtume, alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad kwa desturi ya Waarabu ya kumfanya mtoto wa mwenzio kuwa wako kabisa kwa jina na nasaba. Zikateremka aya za mwanzo za Surat Al-Ahzab, zikaamrisha watoto wa kupanga waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wawe ndugu katika dini. Tangu hapo akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Aliendelea kumpa uongozi wa majeshi mpaka alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria.

Turudi kwa Abu Talha. Mwaka wa 7 Hijria, safari ya Khaibar ilipokaribia, Mtume alimwomba Abu Talha amtafutie kijana wa kumtumikia njiani. Abu Talha akamchukua Anas, akampandisha nyuma yake. Anas anakumbuka kwamba wakati huo alikuwa anakaribia kubaleghe, na kwamba vipando vilikaribiana hata akagusana na Mtume. Kijana huyo alikwenda safari kubwa ya maisha yake akiwa nyuma ya mgongo wa baba wa kambo.

Siku nyingine Abu Talha aliirudia nyumba akiwa na huzuni, kwa kuwa ameisikia sauti ya Mtume imekuwa dhaifu kwa njaa. Ummu Sulaim akatoa mikate ya shayiri, akaifunga katika kitambaa na kumtuma Anas aipeleke. Mtume akaja na watu wote aliokuwa nao. Wakaingia kumi kumi, wakala wakashiba wote, nao walikuwa 70 au 80. Siku ulevi ulipoharamishwa, Anas ndiye aliyekuwa akiwahudumia wageni nyumbani kwa Abu Talha. Mnadi aliposikika nje, Abu Talha alimwambia aumwage, naye akaumwaga, ukatiririka katika vichochoro vya Madina. Hizi ni kumbukumbu za mtoto wa nyumba, anayetumwa, anayeaminiwa, na anayejua kila kilichomo ndani.

Wala hakuwa mtoto pekee asiye wa Abu Talha katika nyumba hiyo. Katika hadithi nyingine Anas anataja mvulana yatima aliyeswali naye safu moja nyuma ya Mtume, juu ya mkeka uliokuwa umeingia weusi kwa kutumika sana. Na katika Sahih Muslim yumo msichana yatima aliyekuwa akikaa na Ummu Sulaim.

Kisha Abu Talha na Ummu Sulaim wakajaliwa watoto wao. Hapa ndipo majumba mengi huharibika. Mtoto wa ndani ya ndoa akizaliwa, yule wa kambo huanza kusogezwa pembeni. Wa kwanza tunayemjua ni Abu Umair, yule mtoto maarufu aliyekuwa na kindege akichezea. Kindege kilipokufa, Mtume alimliwaza kwa kumuuliza habari zake kwa maneno ya mzaha yenye vina. Anas anapoisimulia habari hii anaanza kwa kusema kwamba alikuwa na ndugu yake. Hakusema mtoto wa mume wa mama, wala hakuongeza neno la kambo.

Ndugu wa namna hiyo, wa mama mmoja, sheria yetu inawatambua. Wakati mwingine hata kurithiana hurithiana, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa. Ila watoto ambao kila mmoja amekuja na mzazi wake katika ndoa mpya, hao hawana damu wala umahramu baina yao, na wazazi wanapaswa kuwa macho katika malazi yao.

Mtoto mmoja wa Abu Talha alifariki babake akiwa nje. Ummu Sulaim alimwandalia mumewe chakula kwanza, akamwacha apumzike, ndipo akampa habari kwa hekima, akimfananisha mtoto na amana ambayo mwenyewe amekuja kuichukua. Mtume akawaombea baraka. Akazaliwa Abdullah. Na nani aliyekabidhiwa kumbeba mtoto huyo mchanga, pamoja na tende, kumpeleka kwa Mtume apewe utamu wa kwanza na jina? Ni Anas. Mtoto wa baba aliyeondoka alimbeba mikononi mtoto wa baba aliyebaki.

Sasa tuje kwa upande wa Malik, kwa sababu yapo ya kujifunza hapo pia. Je, Anas alipata faida gani kubaki na jina la mtu aliyemwacha? Jibu limo katika Vita vya Uhud. Malik alikuwa na ndugu aitwaye Anas bin Nadhr. Anas wetu anatueleza kwa fahari kwamba yeye aliitwa kwa jina la ami yake huyo. Ami hakuwahi Badr, na jambo hilo lilimuuma. Uhud ilipofika na watu wakarudi nyuma, yeye alisonga mbele mpaka akauawa. Mwilini mwake walikuta majeraha zaidi ya 80, na hakuna aliyemtambua isipokuwa dada yake, kwa ncha za vidole vyake.

Fikiria kama jina la Malik lingefutwa. Anas angempoteza ami huyo, na shangazi huyo, na ukoo mzima wa Nadhr. Baba anaweza kuwa na makosa, lakini nyuma yake kuna nyanya, ami, shangazi na binamu ambao hawakumkosea mtoto lolote. Tukifuta jina moja kwenye cheti tumewafuta wote hao. Na iko hatari nyingine tunayoijua hapa pwani, ambako ukoo mmoja umetawanyika kutoka Lamu hadi Vanga: kijana na msichana wanapendana, wanakaribia kuoana, na hakuna anayejua kwamba ni ndugu wa baba mmoja.

Kuna habari nyingine ambayo mimi naiona ndiyo pima ya malezi ya Abu Talha. Alikuwa na shamba la mitende liitwalo Bairuha, likielekeana na Msikiti wa Mtume. Mtume alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Ilipoteremka aya isemayo kwamba watu hawataufikia wema mpaka watoe wanavyovipenda, Abu Talha alikwenda kulitoa kwa ajili ya Mungu, kwa kuwa ndiyo mali aliyoipenda zaidi. Mtume alimshauri awape jamaa zake. Akaligawa kwa jamaa, miongoni mwao Hassan bin Thabit na Ubayy bin Ka'b. Aliyetusimulia haya ni Anas. Naye anaeleza, pasipo kinyongo, kwamba wawili hao walikuwa karibu zaidi kwa nasaba na Abu Talha kuliko yeye.

Kijana huyo alimwona baba wa kambo akigawa mali nzuri kabisa, yeye hakupata fungu, na miaka mingi baadaye aliisimulia kama sifa ya mgawaji. Mtoto aliyeambiwa ukweli tangu mwanzo juu ya nafasi yake, na akapendwa humo humo, hashtuki siku ya mirathi. Anayeshtuka ni yule aliyedanganywa kwa jina, akaishi miaka 30 akijua yeye ni mrithi, kisha siku ya tatu ya matanga akaambiwa na wajomba kwamba hana chake. Baba wa kambo anayempenda mtoto ana njia za halali: ampe hiba akiwa hai, au amwandikie wasia usiozidi theluthi ya mali.

Mtume alipofariki, Anas alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Khalifa Abu Bakr alimpeleka Bahrain kukusanya zaka, na barua aliyomwandikia ya viwango vya zaka ya wanyama bado ni tegemeo la mafaqihi. Baadaye alihamia Basra, akaishi huko umri wake uliobaki. Walioketi mbele yake kusoma ni pamoja na Hasan al-Basri, Muhammad bin Sirin na Qatada.

Mtume alikuwa amemwombea, kwa ombi la mamake, apate mali na watoto wengi. Shamba lake Basra lilisemekana kuzaa mara mbili kwa mwaka. Na uzao wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Hajjaj alipoingia Basra, Anas alikuwa ameshazika zaidi ya 120 katika kizazi chake. Mtoto aliyebaki peke yake na mama akawa babu wa ukoo mzima. Hajjaj alimdhalilisha uzeeni, lakini Anas aliandika malalamiko kwa Khalifa Abdul Malik bin Marwan, na Hajjaj akakemewa.

Habari za kifo cha Abu Talha pia tumezipata kwa Anas. Mzee alikuwa akisoma Qur'ani, akafika kwenye aya ya kuamrisha kutoka kwenda vitani, wepesi na wazito. Akawaambia wanawe wamtayarishie safari. Walimsihi abaki, kwa kuwa ameshapigana pamoja na Mtume, Abu Bakr na Umar. Akakataa. Akafia chomboni, katikati ya bahari. Hawakupata kisiwa cha kumzika ila baada ya siku saba, na mwili wake haukuwa umebadilika. Sisi watu wa bahari twajua maana ya siku saba na maiti chomboni. Aliyehakikisha habari hiyo haipotei ni mtoto wa mkewe.

Anas mwenyewe alifariki Basra, kwa kauli mashuhuri mwaka wa 93 Hijria, karibu na 712 Miladia, akiwa amepita miaka 100. Alikuwa Sahaba wa mwisho kufa katika mji huo. Akaoshwa na mwanafunzi wake Ibn Sirin.

Malik alibaki na jina. Abu Talha alibaki na karibu kila kitu kingine: uhodari wake Uhud, shamba lake, ukarimu wake na safari yake ya mwisho, sehemu kubwa twavijua kwa sababu mtoto asiye wake alivihifadhi. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Anas aliuheshimu uzazi kwa kulibeba jina, na akauheshimu ulezi kwa kuusimulia.

Basi kwa ndugu zangu mnaolea watoto wa wake zenu: lipeni karo, wapelekeni hospitali, wasifuni mbele za watu, waiteni wanangu. Jina la baba liacheni lilivyo. Kama mnahitaji nguvu ya sheria ili muweze kumsimamia mtoto, Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala, yaani Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto aliyekosa malezi bila kumbadilisha nasaba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 nao umeitaja. Hiyo ni tofauti na uasili wa kawaida wa kisheria, ambao humhamisha mtoto kabisa awe kama amezaliwa na aliyemchukua. Muulizeni wakili na kadhi kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

Na kwa akina mama: msimfiche mtoto jina la babake kwa sababu ya machungu yenu, hata kama machungu hayo ni ya haki. Ummu Sulaim alikuwa na kila sababu ya kulifuta jina la Malik. Hakulifuta, na mpaka leo masheikh wetu wanalitaja kila darsa.